Isimu saikolojia

Isimu saikolojia ni taaluma inayochunguza jinsi akili ya binadamu inavyojifunza lugha, inavyoielewa na inavyoizalisha.

Chimbuko lake moja liko hospitalini. Aprili 1861, huko Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimchunguza Leborgne, mgonjwa aliyekuwa amelazwa hapo miaka 21. Kila alipoulizwa jambo alijibu “tan, tan”, huku ishara za mkono wake zikionyesha kwamba mengi aliyaelewa. Alifariki siku chache baadaye, na ubongo wake ukakutwa na jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: maneno yanamiminika, maana haishikiki.

Kuhusu watoto, jaribio la Jean Berko wa Marekani (1958) halijachuja. Aliwaonyesha mchoro wa kiumbe alichokibuni na kukiita “wug”, kisha viwili. Wengi walitamka wingi wake sawasawa, ingawa neno hilo hawakuwahi kulisikia. Walikuwa na kanuni kichwani, si kumbukumbu tu.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake, na ni wa thamani kubwa, kwani kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. Kamil Ud Deen, aliyetafiti watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba wadogo huangusha viambishi mara nyingi: “anakuja” huweza kuwa “nakuja”, anayetajwa akiwa mtu mwingine. Ila kiambishi cha mtenda wanapokitia, ni nadra kukosea.