Daftari Ndani ya Mtama
Sehemu ya Kwanza: Moto

Mjukuu wangu alikiacha kitabu chake kwenye kochi akaenda kulala. Kilikuwa na picha ukurasa baada ya ukurasa, nikadhani ni cha watoto. Nikavaa miwani ili nijiletee tu usingizi. Nikakutana na msichana wa miaka kumi, kitambaa kichwani, huko Iran, ambako mapinduzi ya 1979 yalikuwa yameingia hadi darasani kwake na mezani kwao. Aliyemchora ni yeye mwenyewe, Marjane Satrapi, alipokuwa mtu mzima akiishi Ufaransa, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2000. Wino mweusi, karatasi nyeupe, basi. Jogoo wa jirani hapa Kaloleni, Kisumu, aliwika nikiwa bado nimekishika.

Nikaenda stoo, nikaanza kuvuta sanduku la bati. Mlio wake ukamwamsha mtoto wa watu.

"Dani, hulali? Unatafuta nini saa hizi?"

"Daftari langu," nikamwambia. "Sisi pia tulikuwa na mapinduzi, mjukuu wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Na mimi pia nilichora."

Hakucheka. Alikaa sakafuni, akashika upande wa pili wa sanduku.

*

Mwaka 1963 Ziwa Victoria lilikuwa linapanda. Lilianza mwishoni mwa 1961, mvua zilipokataa kukatika, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Kule Dunga watu walihamisha nyumba zao wakidhani wamefika mbali, kisha wakaamka na kukuta maji mlangoni. Mjini tulikuwa tunahesabu siku kuelekea Uhuru, Disemba 12. Lakini nyumbani kwetu jambo lililozungumzwa kwa sauti ya chini, baada ya watoto kudhaniwa wamelala, lilikuwa jingine.

Watu walikuwa wanaondoka kanisani. Si mmoja mmoja. Walikuwa wanaondoka kwa mamia, na rozari zao shingoni.

Walimfuata Simeo Ondetto, Mluo na Mkatoliki kama sisi, ambaye wafuasi wake walimwita Baba Messias. Makao yake yalikuwa Got Kwer, mlima wa mwiko, kule Nyanza Kusini. Wengi wao walikuwa wamelelewa ndani ya Legio ya Maria, kile chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 ambacho wamisionari walituletea. Wakachukua jina, wakachukua rozari, wakachukua na Kilatini cha misa. (Miaka michache baadaye parokia zetu ziliacha Kilatini. Wale walioitwa waasi wanakiimba hadi leo. Sijawahi kuacha kulifikiria jambo hilo.)

Na alikuwepo Gaudencia Aoko, mwanamke wa miaka ishirini hivi. Watoto wake wawili walikufa siku moja. Alipoinuka kutoka kwenye msiba ule alianza kuhubiri dhidi ya uchawi na hirizi, na kubatiza. Mwanamke, akibatiza!

Ili uelewe kilichotupata lazima umjue baba yangu. Siku za kazi alikuwa karani bandarini. Jioni na Jumapili alikuwa katekista. Kwake ubatizo ulikuwa safari ya miaka miwili: sala kwa moyo, amri kwa moyo, kisha maswali mbele ya padri. Mwenye mke wa pili alibaki nje, na Baba alilia naye, lakini hakumfungulia. Sasa anasikia kuwa kuna uwanja ambapo mtu anafika asubuhi na dawa za mganga mfukoni, na jioni anarudi Mkristo. Haukuwa wivu. Aliona miaka yake yote ikimwagwa kama maji machafu.

Na lazima umjue mama yangu. Alikuwa amezika wawili, mmoja kwa surua, mwingine kwa malaria. Wa tatu, mdogo wangu, alikuwa na miezi minane, na chini ya fulana yake kulikuwa na kifurushi cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Baba hakujua. Katekista alilala kila usiku hatua mbili kutoka kwa hirizi.

Waliosema baadaye kwamba wanawake wale walidanganywa kwa sababu hawakusoma, sidhani kama waliwahi kuchimba kaburi la urefu wa mkono.

Jumamosi moja Mama aliniambia tunakwenda Ahero kumwona shangazi. Hatukumwona shangazi. Tulishuka kabla, tukafuata watu. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kimya. Katikati kulikuwa na moto, na mstari mrefu ukienda motoni: wazee, akina mama, kijana mmoja aliyevaa sare ya reli. Kila mmoja alitupa kitu. Pembe. Mizizi. Kamba za ngozi. Chupa ndogo zilizopasuka kwa mlio wa kushtua. Harufu ya manyoya yanayoungua ilinikaa kooni siku mbili.

Zamu yetu ilipofika, Mama aliinua fulana ya mtoto, akakata uzi kwa meno. Akakishika kile kifurushi. Akakishika muda mrefu mno, hata mwanamke wa nyuma akamgusa bega. Nilijua anachowaza, kwa sababu nami niliwaza hivyo hivyo: je, kama ndicho kilichomweka hai?

Akakitupa.

Kisha ikaja zamu ya maji. Aliyebatiza alikuwa mbele kabisa, nikaona kitambaa cheupe tu juu ya vichwa. "Ndiye Aoko," watu wakanong'onezana. Mama alirudi na maji yakimtiririka mashavuni, na mdogo wangu akipiga kelele za hasira. Njia nzima hakuniambia nisiseme. Alinishika tu mkono.

Sikusema. Nilichora. Daftari la hesabu, jedwali la kuzidisha nyuma, penseli fupi kama kidole gumba. Nikagawa ukurasa visanduku vinane: barabara, watu, moto, meno ya Mama kwenye uzi, kifurushi hewani, maji, mtoto analia. Katika cha nane nikamchora mwanamke wa kitambaa cheupe. Uso nikauacha mtupu, kwa sababu sikuuona.

Nikalificha daftari ndani ya debe la mtama. Usiku wa pili nikagundua kwamba si mimi peke yangu niliyelijua debe lile. Chini ya mtama kulikuwa na kanzu nyeupe, mikono bado haijashonwa.

Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa kanisani: waliobatizwa mara ya pili wasisogelee meza ya Bwana. Aliyelisoma alikuwa Baba, kwa sauti yake safi. Niligeuka kutazama upande wa wanawake. Wakati wa komunyo Mama alibaki amekaa, akimtikisa mtoto ambaye hakuwa akilia.

Baba alimwona. Nilimwona akimwona.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu akapata homa. Usiku wa kwanza, wa pili. Usiku wa tatu Baba akasema, "Mama watoto, kukicha tu tunampeleka hospitali." Akaingia kulala na nguo zake. Mvua ilikuwa inapiga bati, na upepo ulitoka upande wa ziwa.

Nilishtuka Mama akiwa ameniinamia. Mtoto mgongoni, shuka limefungwa mara mbili.

"Kuna mashua Dunga," akanong'ona. "Ukiulizwa, ulikuwa umelala."

"Mnaenda wapi?"

"Mlimani."

Akatoka. Sikulala. Nilisikiliza mvua nikisema Salamu Maria, nikapotea hesabu, nikaanza upya.

Kabla hakujapambazuka mwanga wa taa ukaanguka usoni kwangu. Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nyuma yake debe lilikuwa limelala ubavu na mtama umemwagika sakafuni. Mkononi alikuwa na daftari langu, limefunguka kwenye visanduku vinane. Hakupiga kelele. Kidole chake kilikuwa juu ya ule uso mtupu.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo. Mlango ukabishwa, ngumi tatu nzito.

Baba akafungua. Kizingitini alisimama mvuvi wa Dunga, amelowa, anahema, hawezi kusema. Mkononi alikuwa ameshika kanzu nyeupe, mkono mmoja haujashonwa, na ilikuwa inachuruzika maji ya ziwa.

Itaendelea.