Luger P08

Luger P08 ni bastola ya Kijerumani ya risasi 8 za milimita 9, iliyopokelewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Jeshi la majini lilikuwa na aina yake tangu 1904. Bastola kama hizi zingeweza kufika Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Tanzania Bara ya leo, kwa njia zote mbili: huko, mabaharia wa Königsberg, meli ya kivita ya Ujerumani iliyozamishwa katika mto Rufiji Julai 1915, waliendelea kupigana nchi kavu. Asili ya bastola ya wakati huo kwa kawaida husomwa kwenye chuma: mwaka juu ya chemba, kisha alama ya mtengenezaji, yaani herufi DWM au taji na neno Erfurt. Tarakimu mbili za mwisho za namba yake hurudiwa kwenye vipande vidogo, hata kifyatulio. Zikitofautiana, huenda kipande kimebadilishwa. Nchini Tanzania, kumiliki bastola kunahitaji leseni.