Jina la Unguja Angani

Msomaji akisimama pwani ya Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, akielekeza macho kaskazini, ataviona visiwa vidogo vidogo. Kimoja ni Chapwani, na humo wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus. Watu wengi wayajua makaburi hayo. Walakini ni wachache wajuao kwamba vita vile vile vilivyowaleta mabaharia hao kaburini vililipeleka jina la Unguja angani, mbali sana, katika nchi ya Ufaransa. Khabari hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini, mitambo yake ikitengenezwa. Mara ikatokea Königsberg, manowari ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Mizinga yake ilifika mbali kuliko ile ya Pegasus, nayo Pegasus haikuweza kuondoka. Watu wa mji walioamshwa na mshindo waliiona ikipigwa mbele ya macho yao. Watu zaidi ya 30 walikufa, na manowari ikazama.

Königsberg ikakimbilia katika vijito vya mto Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko. Jicho la baharia halikuweza kuifikia huko. Hapana budi litafutwe jicho la juu. Basi zikaletwa eropleni. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenziwe Arnold waliruka kutoka kisiwa cha Mafia ili kuzielekeza manowari Severn na Mersey, zisizoweza kumwona adui. Eropleni yao ilipigwa, na mtambo ukazima. Hata walipokuwa wakishuka, Cull aliishika eropleni isianguke, na Arnold hakuacha kupeleka khabari kwa simu ya upepo, akieleza mahali risasi zilipoangukia. Wakaangukia majini, wakaokolewa. Königsberg ikawaka moto, na wenyewe wakaizamisha.

Wakati wa vita hivyo watu wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza walitoa fedha za kununulia eropleni, na kila moja ikaandikwa jina la nchi iliyotoa. Unguja nayo ilitoa, na mali yake kubwa siku zile ilikuwa karafuu. Hivyo eropleni moja ya aina ya F.E.2b, yenye nambari 6341, iliandikwa ubavuni jina Zanzibar No. 1. Ilipewa kikosi cha 25 kule Ufaransa, na mwaka 1916 ikaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Eropleni ya aina hiyo ilichukua watu wawili. Mtambo ulikuwa nyuma, rubani katikati, na mtazamaji mbele kabisa, mahali palipo wazi kama ncha ya mtumbwi. Adui akija kwa nyuma, mtazamaji alisimama wima ili kupiga bunduki juu ya kichwa cha rubani, na upepo ukimvuma, hana cha kumzuia asianguke. Miavuli ya kuwashusha salama hawakuwa nayo. Uhai wa mmoja ulikuwa katika mkono wa mwenziwe.

Mwaka 1917 eropleni za aina hiyo zilipewa kazi ya kutupa mabomu usiku. Kikosi cha 100 kiliundwa Februari mwaka huo kwa kazi hiyo hasa, na usiku wa tarehe 5 Aprili kikaanza kwa kukishambulia kiwanja cha ndege cha Wajerumani huko Douai. Kazi iliyoanzwa hivyo ikakua. Katika vita vya 1939 hata 1945, eropleni kubwa ya Lancaster ilikuwa na mitambo minne na watu saba. Katika watu wapatao 125,000 walioruka katika vikosi vya mabomu vya Uingereza, 55,573 walikufa. Ni kama kusema, katika kila watu tisa, wanne hawakurudi. Na chini yao nako kulikuwa na watu: katika mji wa Hamburg, mwezi wa Julai 1943, walikufa zaidi ya 30,000, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee.

Wazee husema, vita havina macho. Sisi twaona kwamba eropleni iliyaongeza macho ya vita, walakini haikuvipa huruma. Ushujaa wa Cull na Arnold twausifu, wala hatuwadharau wale saba waliokufa pamoja gizani. Lakini mchuma karafuu wa Unguja hakuwaona watu waliokuwa chini ya ile eropleni yenye jina la kisiwa chake, wala wao hawakumjua yeye. Jina lake lilifika huko. Yeye mwenyewe hakufika. Basi tupitapo karibu na Chapwani, tuwakumbuke waliolala pale, na pamoja nao tuwakumbuke wote waliouawa na kitu kilichoanguka kutoka juu, wasijue kimetumwa na nani.