Bwawa la Mmoja, Mafuriko ya Wote

Huenda jirani na kambi yako kuna lambo: tuta la udongo linalozuia maji ya mvua kwa ajili ya mifugo na bustani. Mengine ni mali ya mtu binafsi. Lakini tuta likikatika, anayeumia ni nani? Tuulize historia.

Mwaka 1879, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri ilinunua bwawa la zamani la udongo liitwalo South Fork, ili wapate mahali pa kuvua samaki na kupumzika. Tuta lake lilikuwa na kimo cha mita 22 hivi. Mmiliki wa awali alikuwa ameng'oa mabomba ya kupunguzia maji na kuyauza. Klabu haikuyarudisha. Ikapunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite juu yake. Ikaweka wavu kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wasitoroke.

Bondeni, kilomita 23 kutoka hapo, ulikuwepo mji wa Johnstown, wenye wafanyakazi wengi wa kiwanda cha chuma. Mwaka 1880 kiwanda hicho kilimtuma mhandisi akague bwawa, naye akaonyesha kasoro zake. Klabu ilijibu kuwa hakuna hatari.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka ziliziba wavu na maji yakapita juu ya tuta. Onyo lilitumwa kwa telegrafu, lakini watu walikuwa wamesikia uvumi wa namna hiyo mara nyingi, wengi hawakujali. Alasiri tuta lilikatika. Baada ya saa moja hivi maji yalifika mjini. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Msalaba Mwekundu wa Marekani, ukiongozwa na Clara Barton, ulikaa huko miezi mitano kuwasaidia walionusurika. Waliofungua kesi dhidi ya klabu hawakulipwa fidia.

Usidhani hayo ni ya zamani na ya mbali tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka wakati wa masika. Watu wasiopungua 47 walipoteza maisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa, mwenye ufa yuko juu, na wanaoumia wako chini. Kwa hiyo wewe unayeishi chini una haki ya kuuliza.

Tazama mambo haya. Je, maji ya ziada yana njia ya kutokea, na iko wazi? Je, juu ya tuta pamebonyea au pana nyufa? Je, kuna mashimo ya panya, mchwa, au miti mikubwa iliyoota kwenye tuta? Je, maji yanachuruzika chini ya tuta? Yakiwa na tope, ujue yanabeba udongo wa ndani. Hiyo ni hatari kubwa.

Ukiona dalili hizo, mwarifu kiongozi wa eneo lako mara moja. Mvua ikizidi, usingoje kuthibitisha: chukua watoto na wazee, pandeni mahali pa juu, mbali na mkondo.