Kufunga turbo kwenye gari dogo la zamani

Kufunga turbo kwenye gari dogo la zamani ni kazi ya kuiongezea turbochaja injini ambayo kwa kawaida huvuta hewa yenyewe. Turbochaja, au kwa kifupi turbo, ina feni mbili kwenye shafti moja: ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili husukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu hupanda bila kubadili ukubwa wa injini. Makala hii inahusu magari ya petroli, hasa Toyota Starlet, katika mazingira ya mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania.

Historia

Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905. Kwa miongo mingi ilitumika kwenye meli, ndege, treni na malori. Magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo yalitoka Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder.

Toyota iliunda Starlet zenye turbo kwa ajili ya soko la Japani, zikiwemo GT Turbo (EP82) kuanzia mwaka 1989 na Glanza V (EP91) kuanzia mwaka 1996. Uzalishaji wa Starlet ulikoma mwaka 1999, lakini gari hilo bado linaonekana katika barabara za Tanzania, ambako magari mengi huagizwa yakiwa yametumika Japani.

Mwinuko na nguvu ya injini

Miji ya Shinyanga, Kahama na Geita iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,200 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 87 ya lile la pwani. Kwa hiyo injini isiyo na turbo ikipanda kutoka Dar es Salaam hadi Geita hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, hata ikiwa nzima kabisa. Turbo hurudisha hewa hiyo iliyopungua na kuongeza nyingine.

Hata hivyo, geji ya turbo huonyesha tu shinikizo lililozidi hewa ya nje. Geji ikisoma baa 0.4 mjini Geita, hewa iliyomo kwenye injini ni pungufu kuliko geji ikisoma hivyohivyo Dar es Salaam. Anayepandisha shinikizo ili kufidia tofauti hiyo huilazimisha turbo kuzunguka kasi zaidi na kupasha hewa joto zaidi.

Njia mbili

Starlet nyingi zina injini ya 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331. Ndugu yake yenye turbo, 4E-FTE, ina ujazo uleule lakini hutoa nguvu za farasi 135 kiwandani. Tofauti haiko kwenye turbo pekee. Uwiano wa mgandamizo wa 4E-FE ni 9.6 kwa 1, na wa 4E-FTE ni 8.2 kwa 1. 4E-FTE pia ina nozeli na kompyuta zilizopangiwa hewa ya kusukumwa, pamoja na intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini.

Njia ya kwanza ni kufunga turbo ya mtumba kwenye 4E-FE iliyopo. Huonekana rahisi kwa sababu turbo yenyewe si sehemu ghali kuliko zote. Lakini kompyuta ya 4E-FE haikupangiwa hewa ya ziada, hivyo petroli huweza kupungua pale injini inapoihitaji zaidi. Mchanganyiko hupata joto na kuwaka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Dalili yake ni mlio wa kugongagonga gari likipanda mlima au likiwa na mzigo. Ikiachwa, pistoni hutoboka au gasketi ya silinda hedi huungua.

Njia ya pili ni kuweka 4E-FTE nzima pamoja na nyaya na kompyuta yake. Malipo ya mwanzo ni makubwa zaidi, lakini mara nyingi ndiyo njia nafuu ukihesabu na gharama ya kutengeneza injini iliyokufa.

Mambo ya kutimiza

Kwa njia yoyote, kabla ya kuongeza nguvu hufanywa yafuatayo:

- Kupima mgandamizo wa kila silinda. Injini inayotoa moshi wa bluu hula oili na haifai kufungwa turbo.
- Kuhakikisha bomba la oili linaloingia kwenye turbo ni safi, na la kurudi linateremka bila kupinda vibaya. Shafti ya turbo huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili, na uchafu kidogo huiharibu.
- Kusafisha au kubadilisha rejeta, na kukagua feni na thermostati.
- Kuimarisha breki, klachi na matairi.
- Kufunga geji ya shinikizo na ya joto la maji.

Baada ya safari ndefu injini huachwa ikiunguruma polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili isiungulie ndani ya turbo.

Vumbi, joto na mzigo

Njia nyingi za kwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, ni za vumbi. Chujio la hewa likiondolewa ili kupata mlio wa turbo, mchanga hula mapanga ya feni, kisha ringi na kuta za silinda. Kwa sababu hiyo chujio lenye boksi hubaki, na hukaguliwa mara kwa mara wakati wa kiangazi.

Gari dogo linalobeba abiria na mizigo hukaa muda mrefu likiwa limekanyagwa mafuta, tofauti na gari la mashindano linalokimbia kwa sekunde chache. Shinikizo linalovumilika kwenye mbio fupi linaweza kuua injini kwenye safari ya kwenda machimboni. Breki zilizoundwa kwa gari lenye nguvu ndogo nazo huhatarisha abiria na watembea kwa miguu.

Usajili

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huandikwa namba ya injini. Anayebadilisha injini hutakiwa kuhuisha taarifa hizo, hata kama ujazo haukubadilika. Kampuni ya bima nayo hujulishwa, kwa kuwa mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuleta mgogoro wakati wa kudai fidia baada ya ajali.