Kosa la Kidole

Nianze na usiku mmoja. Programu niliyokuwa nikiitunza ilikuwa na tabia ya kuganda mara moja baada ya siku kadhaa, halafu ukiiwasha upya inafanya kazi kama malaika. Niliivizia siku tisa. Siku ya kumi ikaganda mbele ya macho yangu, nikaikamata kwa dibaga, yaani ile programu ya kusakia kasoro ndani ya programu nyingine. Ushahidi wote ulikuwa mle, umesimama kama maiti iliyokutwa bado na joto. Vidole vikitetemeka nikaandika amri, nikakosea herufi moja ya jina.

Dibaga ikanijibu mstari mmoja tu, kwamba jina hilo halipo, kisha ikakaa ikingoja amri nyingine. Basi! Nikaandika tena vizuri, na saa moja baadaye nikawaona wabaya wangu: nyuzi mbili za kazi, kila moja imeshika kufuli ambalo mwenzake analingojea. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ingekuwaje kama dibaga yenyewe ingeanguka kwa lile kosa la kidole? Siku tisa zote zingekwenda na maji. Kumbe jambo hili lina historia yake.

Watu wanapenda kuanza na yule nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard mwaka 1947. Hadithi tamu, ila neno la "mdudu" kwa maana ya hitilafu Edison alikwisha kuliandika katika barua mwaka 1878. Mimi naona tuanzie MIT, ambako mashine iitwayo TX-0 ilifika mwaka 1958. Jack Dennis na Thomas Stockham waliitungia programu ya kusaka kasoro wakaiita FLIT, jina la dawa ya kupulizia wadudu. Mwaka 1961 Alan Kotok akaandika ya mashine ya PDP-1, nayo ikaitwa, eti, DDT! Vijana wale walikuwa na utani wao.

Sasa DDT ilizungumza na mtu kwa taipureta, na mashine ya PDP-1 ya kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 4096 tu. Maelezo marefu ya kosa yangekaa wapi? Katika DDT ya PDP-10 iliyofuata baadaye, ukitaja jina lisilojulikana ulijibiwa kwa herufi U, na ukitoa amri isiyoeleweka ulipigiwa alama ya kuuliza. Ukali kidogo, kama mwalimu wa zamani anayekutazama tu bila kusema neno. Lakini lililo kubwa lilikuwepo: mkalimani wa amri anakataa, kisha anakusikiliza tena.

Dibaga yangu ya usiku ule ni GDB, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986. Iliandikwa kwa lugha ya C, na hapa ndipo pana utamu. Amri moja ndogo ya kuchapisha thamani hupita kazi nyingi, moja inaita nyingine: ya kusoma maneno, ya kutafuta jina, ya kusoma kumbukumbu ya programu inayochunguzwa. Kosa likigundulika huko chini kabisa, habari zitapandaje juu? C haina njia yake ya kurusha kosa. Unaweza kuilazimisha kila kazi imwambie aliyeiita kwamba mambo yameharibika, lakini mmoja akisahau tu, kosa limemezwa.

GDB ikachukua njia ya mkato. Mkalimani wa amri anaweka alama mlangoni kwa setjmp kabla ya kushuka. Kosa likitokea popote, kazi iitwayo error inaandika ujumbe, halafu longjmp inaruka moja kwa moja hadi mlangoni. Ni kama mtu aliye kisimani kuvutwa juu ghafla kwa kamba. Vizuri, ila ndoo, taa na koleo vimebaki chini! Faili lililofunguliwa halikufungwa, kumbukumbu iliyoazimwa haikurudishwa, kitu kilichobadilishwa kwa muda hakikurejea hali yake. Ndiyo maana waliweka daftari la madeni: kila ukifungua kitu unaandika namna ya kukifunga, na kosa likitokea daftari linasomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mpango mzuri, lakini wa kukumbuka kwa kichwa. Mwandishi akisahau kuandika deni, au akilifuta mapema, hakuna wa kumshtua.

Kuna suala lingine ambalo wenzangu hulalamikia: amri zikiwa zimeandikwa katika faili, moja ikikosea, GDB inaacha zote zilizobaki na kurudi kwako. Mimi naiunga mkono. Amri ya tatu iliyoshindwa huenda ndiyo msingi wa amri ya nne. Heri isimame kuliko kuendelea kwa kubahatisha. Na pale inapogundua kwamba iliyokosea ni yenyewe, si wewe, haijifanyi: inakuonya kwamba matokeo yake huenda yasiaminike tena, na kukuuliza kama unataka kuacha. Binadamu wangapi wanafanya hivyo?

Mwaka 2016 toleo la 7.12 likaanza kujengwa kama programu ya C++, na toleo la 8.0 la mwaka 2017 likailazimisha. Katika C++ kitu kinaweza kujifunga chenyewe pale kazi inapokatizwa, kwa hiyo daftari la madeni likaanza kung'olewa ukurasa kwa ukurasa. Longjmp nayo ilibidi iondoke, maana inaruka bila kuwapa vitu hivyo nafasi ya kujifunga. Ila palikuwa na mwiba: maktaba ya Readline, inayopokea herufi unazoandika, ni ya C, na kosa lililorushwa haliwezi kupita salama katikati yake. Ikabidi kosa lidakwe upande mmoja wa Readline, lishikiliwe, kisha lirushwe upya upande wa pili, mithili ya mzigo unaoshushwa forodhani na kupakiwa tena.

Nimeifungua misimbo yake kutazama. Kazi ya error bado ipo, kwa jina lile lile. Ndani yake longjmp haimo tena, lakini wanaoiita wanaendelea kuiita kama zamani, na mtu akikosea herufi moja saa nane za usiku bado anapata mstari wake mmoja.