Pikapu kuukuu ikikosa kasi baada ya ukarabati wa nyumbani

PIKAPU inayotoka Isiolo na shehena ya mbuzi kuelekea njiapanda ya Subuiga haina budi kupanda mlima mrefu. Hapo ndipo gari lililofunguliwa nyumbani hufichua siri zake: ekseleta imekanyagwa hadi mwisho, injini inanguruma, lakini kasi haiongezeki.

Hiyo si kero tu. Dereva anayejitosa kulipita lori mlimani kwa kutegemea nguvu ambazo gari halina tena anacheza na roho za watu.

Aghalabu mwenye gari hukimbilia kununua pampu ya dizeli au nozeli, vifaa vya bei ghali, ilhali swali la kwanza ni jepesi: ni nini kilichoguswa mwisho? Gari lililokuwa na nguvu Ijumaa, likafunguliwa Jumamosi na kuwa goigoi Jumapili, halikuzeeka kwa usiku mmoja.

Ibainishwe kwanza iwapo injini yenyewe ina kasoro. Katika gia kubwa barabarani, mngurumo ukipanda ghafla bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Ikiwa breki ndizo zilizotengenezwa, endesha kilomita kadhaa bila kuzitumia sana, kisha usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kupita mengine linashikwa na breki, pengine kwa sababu hendibreki ilikazwa kupita kiasi.

Kisha uje kwenye kebo ya ekseleta. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage huku mwingine akitazama kama wenzo ulio kwenye pampu unafika mwisho. Kebo iliyorejeshwa ikiwa imelegea huiba nguvu nyingi, na ukaguzi huu haugharimu hata senti.

Moshi nao husema mengi. Mweusi huashiria hewa haba au dizeli kupita kiasi. Hivyo kagua eya klina, hasa kwa magari yanayokula vumbi la njia ya Merti, na uhakikishe hakuna kitambaa kilichosahaulika kwenye paipu ya hewa. Kuendesha bila eya klina si dawa, kwani vumbi hulika silinda.

Baada ya kubadilisha filta ya dizeli, shuku hewa iliyopenya. Katika Hilux za zamani, pampu huvuta dizeli kutoka kwenye tangi kupitia filta. Kwa hivyo ufa wa upande huo huenda usidondoshe hata tone, huingiza hewa. Kipande cha paipu inayopenyeza mwanga, kikifungwa kwa muda kabla ya pampu, kitaonyesha mapovu.

Zito zaidi ni mkanda wa taimingi. Katika injini za Toyota za 2L na 3L, mkanda huo huzungusha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli. Ukirudishwa ukiwa umeruka jino moja, gari huweza kuwaka kwa taabu, kutoa moshi mweupe na kukosa nguvu. Usiendelee kuliendesha, maana valvu zaweza kugonga pistoni. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, kisha utazame alama upya. Zisipolingana, kazi irudiwe.

Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Aliyenunua gari Mombasa atalihisi hilo, ila halitokei ghafla baada ya ukarabati. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa pia hupunguza nguvu na kuharibu pampu; ndiyo sababu mwaka 2018 serikali ilianzisha ada ya Sh18 kwa lita ya mafuta taa.

Fundi akipendekeza kuikaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, mkatalie hadi chanzo kijulikane. Nguvu itarudi kidogo, pamoja na moshi mweusi na joto linaloweza kupasua silinda hedi.